Mafuta Niliyokataa Kupakwa

Mimi ni mtu wa wivu. Nasema mapema, asije mtu kuniambia baadaye kwamba nilificha. Wapo wanaowaonea wivu majirani kwa sababu ya nyumba ya mabati, wapo wanaowaonea wivu waume zao kila wakichelewa kurudi. Wivu wangu mkubwa nilimwonea mke wa kaka yangu, na sababu ilikuwa chungu cha mafuta ya kupaka. Ukitaka kucheka, cheka. Hukukaa Kalemie miaka ile.

Miaka ile nchi ilikuwa Zaire na watu walikuwa wakiitana sitwayeni, yaani raia, hata kwenye foleni ya maji. Tangu maduka ya wageni yagawiwe kwa wenyeji, rafu zilibaki ndefu na vitu vikawa vichache. Ukiuliza mafuta ya kupaka, unaonyeshwa viberiti. Na pale kwetu, mwezi wa saba upepo wa ziwa ukianza, ngozi inakuwa nyeupe, miguu inaonekana kama umetembea ndani ya unga wa muhogo. Mwanamke hawezi kwenda misa hivyo. Ndiyo maana wanawake walikuja kwa Mama.

Mama alikuwa mtu wa Kirungu, kule juu milimani kwenye baridi, ambako ngozi isipopakwa inapasuka. Baba alikuwa mtu wa kaskazini ya ziwa, mchuuzi, leo yuko Kigoma, kesho yuko kwetu. Mimi nilizaliwa chini hapa na nikashika Kiswahili cha Baba, cha ng'ambo. Nilisema mtoto, wenzangu walisema mutoto, na shuleni waliniita Mutanzania mpaka nikazoea kuitika.

Mafuta ya Mama yalikuwa ya mise. Mise ni kile kiini kilicho ndani ya kokwa ya ngazi, tunda la mchikichi. Watu wakishakamua mawese yao wanazitupa zile kokwa, na Mama anaziokota. Anazianika, anazivunja kati ya mawe mawili, anatoa kiini. Wengine wanakaanga viini mpaka vinakuwa vyeusi, na mafuta yao yananuka moshi. Ukipita nayo njiani mbwa wanakugeukia. Mama hakukaanga. Alianika juani siku nyingi, akatwanga, akachemsha na maji, akasonga kwa mwiko mrefu, na mafuta yalipopanda juu yaliondolewa polepole kwa kipande cha kibuyu na kutiwa kwenye chungu kidogo.

Hapo ndipo Mama alichukua kile chungu kidogo, akaingia chumbani kwake, akafunga pazia. Alichotia mle ndani hakuna aliyekijua. Kwa harufu nilijua vitatu: nta ya nyuki iliyotoka Kirungu, majani ya sitroneli, yaani mchaichai, na nkula, ule unga mwekundu wa mti ambao wanawake wa zamani walijipaka. Lakini vilikuwepo vingine, tena kulikuwa na kiasi, na kulikuwa na kipi kitangulie kipi. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilijaribu nyuma ya choo pamoja na rafiki yangu. Mafuta yakakatika, maji huku, mabonge kule, na harufu ya beberu ikatushika nywele siku tatu. Mama alinusa, akacheka puani, hakunipiga.

"Mama, nionyeshe basi."

"Siku yako itafika."

Siku yangu niliijua. Kwao, msichana akikaribia kuolewa anakaa chumbani kwa mama yake wiki nzima, anapakwa asubuhi na mchana. Asubuhi ya kwanza kabisa, pazia likiwa limefungwa na wao wawili wakiwa ndani, mama anachanganya mafuta mbele ya macho yake. Mara moja tu. Msichana anaangalia, anashika kichwani, na anakwenda kwa mumewe na mafuta yake na ujuzi wake. Mama alionyeshwa hivyo na mama yake kule Kirungu. Basi mimi tangu utoto nilikuwa nasubiri ile asubuhi. Kusema kweli mume sikumfikiria sana. Mume nilimwona kama mlango wa kuingilia kwenye kile chumba.

Halafu kaka yangu akapanda Kirungu kununua maharagwe. Akarudi na maharagwe na mwanamke.

Sitamsema vibaya wifi yangu. Nilimsema vibaya miaka mingi, nimechoka. Alikuwa na mwanya mzuri, na ngozi, Mungu wangu, ngozi ambayo hata vumbi liliona haya kuikalia. Aliniita mulamu, kama wanavyosema kwao, mimi nikamwita wifi. Siku ya pili tu, alipomsalimia Mama kwa Kitabwa, lugha ya kwao, nilimsikia Mama akicheka. Nasema kucheka! Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka puani. Yule aliingia, na Mama akacheka kwa mdomo wazi mpaka nikatoka jikoni kuangalia ni mgeni gani.

Mimi Mama hakunifundisha Kitabwa. Nilipokuwa mdogo nilimwomba, akasema, "Ya kazi gani? Huku chini watu ni Kiswahili." Sasa anakaa uani na mtoto wa watu, wanaongea Kitabwa toka asubuhi, haraka haraka, na mimi mwenye mama nasimama pale kama mtu aliyekuja kuomba moto. Nikikaribia, wanageuka kwenye Kiswahili kwa heshima yangu. Heshima hiyo iliniuma kuliko kama wangenitukana.

Na kibuyu akapewa yeye. Ile kazi ya kuondoa mafuta juu ya maji ilikuwa yangu tangu nina miaka kumi na minne. Nilikuwa najua mkono unakwenda vipi bila kuchota maji. Nikitoka shule nakuta amekaa kwenye kigoda changu, ameinama juu ya chungu chetu, na Mama anamwelekeza kwa kidevu.

"Wewe usome," Mama aliniambia. "Huyu yuko nyumbani muchana wote."

Sawa, nilisoma. Lakini usiniulize nilisoma nini.

Nilipochumbiwa, mikono ya Mama ilikuwa imeanza kuharibika. Vifundo vya mikono vilimvimba, akawa anavifunga vitambaa. Mchumba wangu alikuwa kijana wa reli, amepangiwa Niemba, mtu mpole, hakuna shida. Arusi ikawekwa mwezi wa saba. Wiki tatu kabla, alikuja mama mmoja jirani, mwenzake Mama wa parokia, kuchukua chupa yake ya mafuta. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nachagua mawe kwenye mchele. Nikamsikia akimwuliza Mama:

"Na hii mikono yako, mafuta ya bibi-arusi utafanya namna gani? Nani atakusaidia?"

Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Mama alimwelekezea midomo wifi aliyekuwa uani. Akasema:

"Huyu anatosha. Sina shida."

Ungo wa mchele uliniponyoka. Mchele wote chini, na kuku wakaja mbio. Huyu anatosha. Yaani mke wa kaka yangu anamtosha Mama. Hahitaji mwingine. Miaka yote nimesubiri, nimehesabu, nimeota, na kumbe mtu ameshapatikana, ameshafundishwa, mafuta yangu ya arusi atayapika yeye, na mikono itakayonipaka ni yake. Nilisikia masikio yanawaka. Sikulia. Ningelia ningepona mapema, najua hivyo sasa. Mimi nikikasirika nakaza meno na kunyamaza, na ule unyamavu ulidumu wiki tatu. Mama alidhani ni hofu ya arusi. Wifi alidhani ni mambo ya wasichana wa mjini.

Asubuhi ya kwanza ya ile wiki, Mama aliniita. Mkeka ulikuwa umetandikwa, pazia limeshikwa tayari kwa mkono mmoja. Wifi alikuwa uani, mimba yake ya kwanza kubwa mbele yake, anaosha kibuyu. Nilisimama mlangoni.

"Sitaki kupakwa," nikasema.

"Unasema?"

"Sitaki. Mpake huyo wako."

Mama hakuelewa. Alinitazama kama nimemwongelesha Kigiriki. "Ingia, mutoto yangu. Ni siku yako."

"Ya nini niingie? Si huyo anatosha?"

Uso wa Mama ukafunguka kidogo, kama mtu aliyeelewa shida iko wapi na akaona ni ndogo. "Ndiyo," akasema, "alikwisha kutosha. Njo haya hapa." Akaonyesha chini, karibu na mkeka. Mimi hata sikuangalia anaonyesha nini. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Mama mwenyewe, mbele ya macho yangu, amekubali. Niligeuka, nikaenda kukaa kwa shangazi yangu upande wa pili wa mto Lukuga, na sikurudi mpaka siku ya arusi.

Kila aliyekuja kuniita nilimfukuza. Shangazi alisema, "Basi jipake hata mawese, mwanangu, watu watasema nini?" Nikakataa na hayo. Kama si ya Mama, ngozi yangu itabaki na upepo wake. Kiburi kilikuwa kimenipanda kichwani kikakaa na kukunja miguu.

Nikaolewa mkavu. Ile picha ninayo mpaka leo, na mtu akiniomba kuiona nasema imepotea. Kikwembe kizuri cha kitenge, nywele zimesukwa vizuri, na mikono yangu miwili myeupe pepepe mpaka viwiko, kama ya mtu aliyetoka kukanda unga. Nyuma yangu amesimama wifi na tumbo lake, anang'aa. Dada mmoja wa mume wangu alimwuliza mwenzake kwa sauti ambayo yeye aliiona ndogo, "Bibi-arusi ni mugonjwa?" Mama alikaa benchi la mbele, mikono yake imefungwa vitambaa vyeupe, hakuniangalia sana.

Siku mbili baada ya arusi, yule mama wa parokia alikuja kunisalimu kwa wakwe zangu. Hakukaa. Alisimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Wewe mutoto, mama yako amekukosea nini?"

Nikamsogezea kigoda, hakukitazama.

"Alitwanga mise yako yeye mwenyewe, siku tatu, na ile mikono. Nilimukuta analia na muchi mukononi. Nikamwambia achia mukwe wako atwange, akakataa. Akasonga mwenyewe. Yule mukwe na mimba yake alikuwa wa kutosha mafuta tu, basi. Na wewe unakataa!"

Wa kutosha mafuta tu. Nilikaa chini pale pale, na kikwembe changu kipya kwenye vumbi.

Kwa Mama, na kwa watu wote wa juu kule, na kwa nusu ya mji wetu, kutosha ni kuondoa kitu ndani ya kitu. Tosha sufuria kwenye moto. Tosha viatu. Kitu kikiwa cha kiasi, hawasemi kinatosha, wanasema kinaenea. Mama angetaka kusema wifi anamfaa na hahitaji mwingine, angesema anaenea. Alisema anatosha. Anaengua mafuta. Ndiyo yote. Anatosha, sina shida, kwa maana mikono yake Mama haiwezi tena kushika kibuyu sawasawa. Alikwisha kutosha, njo haya hapa, yaani ndiyo haya hapa, na alikuwa ananionyesha chungu.

Na usije ukanionea huruma ukasema masikini, lugha ilimchanganya. Haikunichanganya. Miaka mitano nilikaa kwenye kile kigoda na Mama akinipigia kelele, "Tosha! Tosha, yanapanda!" Nilizijua maana zote mbili tangu utotoni. Siku ile nyuma ya ukuta nilichagua ile ya Baba, ya ng'ambo, kwa sababu wivu ulikuwa unaitafuta.

Nilitaka kwenda kumwangukia Mama siku ile ile. Sikwenda. Treni ya kwenda Niemba ilikuwa kesho yake, nikajipa sababu hiyo. Baada ya wiki mbili nikapata habari kwamba wifi amejifungua, nikarudi kuona mtoto. Nilipofika mlangoni nikasimama. Nyumba nzima ilinuka nta na sitroneli. Mama alikuwa amempaka mzazi mafuta yangu, na mtoto amempaka mafuta yangu, kichanga anang'aa mpaka ndani ya masikio. Wakanipa nimbebe. Akaniteleza mikononi kwa jinsi alivyopakwa, na mimi, mwanamke mzima mwenye nyumba, nikamwonea wivu mtoto wa siku kumi. Niliomba msamaha kwa Mama nikiwa nimemshika yule mtoto, nikaomba kwa haraka na kwa sauti ndogo. Mama akasema, "Imeisha." Akaniuliza kama Niemba kuna samaki.

Kile kilikuwa chungu chake cha mwisho. Mikono ilikataa kabisa. Lakini mikono kukataa si kichwa kukataa, kuchanganya si kutwanga, ningemwambia tu, Mama, niambie kwa mdomo. Maneno hayo niliyabeba kutoka Niemba mara ngapi! Nafika, tunakula, nasubiri tubaki wawili. Maana sikuweza kuuliza mbele ya wifi. Nilishajua, au nilidhani najua, kwamba asubuhi ile niliyokataa, mkeka umetandikwa na mafuta yako tayari, Mama alimwita yeye ndani. Angefanya nini tena? Kwa hiyo nikiuliza mbele yake, atanitazama kwa upole na ule mwanya wake na kusema, mulamu, usisumbue Mama, mimi nitakuonyesha. Afadhali nife.

Mara nyingine kweli tulibaki wawili. Wifi ametoka kwenda sokoni, Mama amekaa juani, ananiangalia. Nakohoa. Naanza, "Mama..." Na wifi huyo hapo mlangoni, anahema, kikapu nusu. Nasema, "Mama, jua ni kali." Hivyo hivyo, miaka. Na Mama naye hakunisaidia. Alikuwa na kichwa kigumu kuliko changu, mimi nilikitoa wapi changu? Alimwekea binti siku yake, binti akaikataa mlangoni. Sasa binti aombe.

Mama alitutoka mwaka wa tisa wa ndoa yangu. Baada ya matanga, watu walipoondoka, tulibaki mimi na wifi chumbani mwa Mama kupanga nguo zake, vikwembe vya kugawa upande mmoja, vya kuchoma upande mwingine. Chungu kidogo kilikuwa chini ya kitanda, kimefungwa kitambaa, ndani kikavu. Nilikishika. Nikaona sasa hakuna tena wa kumwonea haya, nikameza mate, nikameza na kiburi.

"Wifi," nikasema, "nifundishe."

Akaniangalia vibaya. Mara ya kwanza tangu aje kwetu. "Mulamu, unanicheka?"

"Sikucheki. Nifundishe alivyokuonyesha."

"Alinionyesha nini? Siku ile ulikwenda kwa shangazi, Mama alifunga pazia akachanganya peke yake. Nilikuwa hapa inje, na tumbo yangu. Hakuniita." Alikuwa anakunja huku anaongea, anavuta vile vikwembe kwa nguvu. "Miaka yote hii nilimuomba. Mama, nionyeshe, bantu wanauliza mafuta. Anasema hapana, hii ni ya mutoto yangu, atakuja kuuliza. Kila ukifika toka Niemba, ananituma soko ili mubaki bawili. Nenda kununua chumvi. Chumvi iko ndani! Mimi natoka hapa, nafika kona, na moyo inaniwaka. Narudi mbio. Sikununua hata kitu."

"Kwa nini?"

"Jaluzi," akasema, yaani wivu, na akaanza kulia. "Njo hiyo. Nilipika naye, nilimuogesha, nilimukunia mugongo. Na wewe unakuja mara moja kwa mwaka, unapewa. Sikutaka upewe."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilimkumbatia, lakini baadaye, kesho yake. Pale pale kitu cha kwanza kilichonijaa kilikuwa furaha. Hakupewa! Miaka tisa nilidhani siri anayo, kumbe hana, hakuonyeshwa hata kidogo, Mama alimfungia pazia, Mama aliniwekea mimi. Nilikaribia kupiga vigelegele na nguo za maiti mikononi. Nikakunja kikwembe kimoja cha Mama, nikakunja cha pili, na nilipofika cha tatu ndipo nikaelewa kwamba hakuna mtu mwingine duniani wa kuuliza.